Bwana Quirino Cesaretti, Mlinzi wa Meza ya Sita

Bwana Quirino Cesaretti ameutumikia ukumbi wa mgahawa wetu wa Zi' Ermete kwa miaka thelathini na tisa na miezi saba, tangu Machi 1980 hadi alipostaafu rasmi siku ya Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2019. Leo ni Jumatatu, siku yetu ya kufunga, nasi tumekusanyika kumuaga. Mimi, Iole Bartolucci, mpishi wa tambi na nyoki za viazi, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu wake.

Niliombwa maneno mia mbili. Ijumaa asubuhi kijana wetu Ludovico, mwenye mgahawa, aliniletea karatasi ya maelekezo: wasifu uwe mfupi, uwe wa furaha, usitaje ugomvi, usiwe na mazungumzo ya watu. Mia mbili! Jokofu letu la zamani lilipochukuliwa na mkokoteni tulilisemea mengi kuliko hayo, na lilikuwa halijafanya kazi miaka mitatu. Karatasi ile niliitumia kuwashia jiko. Haya mnayoyasoma yamechapwa dukani kwa mpwa wangu, na Bwana Ludovico anayasoma sasa hivi pamoja nanyi, kwa mara ya kwanza. Tafadhali asitazame dari.

Quirino alizaliwa Testaccio, hapa Roma, mtoto wa mchinjaji. Kabla ya kuja kwetu aliuza viatu kwa miaka minne, akafukuzwa kwa sababu aliwaambia wateja ukweli kuhusu miguu yao. Marehemu Ermete, babu yake Ludovico, ambaye mtaa mzima huku nyuma ya Pantheon ulimwita Zi', yaani Baba Mdogo, alimwajiri bila kumuuliza swali hata moja. Siku yake ya kwanza kazini Quirino aliangusha sinia yenye sahani sita za mkia wa ng'ombe, na mchuzi ukamrukia padre aliyekuwa meza ya pili.

Zi' Ermete alitazama sakafu, akamtazama padre, akasema, "Haya, mwanangu, ukumbi umeshabatizwa. Chukua ufagio."

Tangu siku hiyo Quirino hakuangusha tena kitu, ila bei ya samaki wa muuzaji wa sokoni, ambaye alikuwa akitukanana naye kila Jumanne kwa mapenzi makubwa. Hakuwahi kuandika agizo la mteja kwenye karatasi. Watu hakuwajua kwa majina, aliwajua kwa matumbo yao: yule wa figo bila kitunguu, yule wa maharage na ngozi ya nguruwe, yule anayesema hali mkate kisha anamaliza kikapu. Wachumba walioingia wamenuniana aliwaletea sahani moja na uma mbili, akawaambia, "Gombanieni hii." Watatu kati ya wachumba hao wamewahi kuleta watoto wao kumwonyesha. Mmoja alirudi peke yake kumlaumu, na Quirino akamlisha naye.

Zi' Ermete aliacha sheria mbili katika ukumbi ule, na Quirino alizishika kuliko wengine wanavyoshika amri kumi. Ya kwanza, mhudumu hakai ukumbini. Atakula jikoni, atakula amesimama, lakini kwenye kiti cha mgeni hatakaa hata dakika moja, hata ukumbi ukiwa mtupu, hata akiwa na homa. Mimi nimepika hapa miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo Quirino amekula nyoki zangu amesimama kando ya jiko, sahani kifuani, akilalamika.

Sheria ya pili inahusu viti. Kiti kikiegemezwa kwenye meza, miguu miwili ya nyuma juu, hicho kina mwenyewe. Hakuna kibao, hakuna kuandika, hakuna kuuliza. Mwaka 1987 mheshimiwa mmoja wa bunge aliingia na wapambe watatu akataka meza ya sita, kwa kuwa iko karibu na mlango wa jikoni na ina joto zuri. Quirino akamwonyesha kile kiti kilichoegemea.

Mheshimiwa akasema, "Lakini sioni mtu."

"Ndiyo maana kimeegemea," akajibu Quirino. "Mtu angekuwepo kingekuwa wima."

Mheshimiwa alikula karibu na choo. Alirudi wiki iliyofuata, akaomba kujua utaratibu wa kuegemezewa kiti, akaambiwa utaratibu ni kuja kila wiki kwa miaka kumi.

Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Mgahawa huu ulijengwa juu ya kukataa maneno hayo. Hapa asiyekuwepo lake lilikuwepo, likimngoja, na ndiyo sababu watu walitoka mbali, wakapita migahawa ishirini yenye picha za chakula mlangoni, wakaja kula kwetu.

Wenye meza ya sita walikuwa Bibi Ines Tassinari na mumewe Elvio. Bibi Ines alikuwa fundi wa kushona mavazi ya jukwaani, na Elvio alikuwa mpiga tarumbeta mwenye mapafu makubwa na mshahara mdogo. Walikuja kila Alhamisi saa saba kasorobo, kwa sababu Alhamisi Roma ni siku ya nyoki, yale madonge madogo ya viazi, na anayepika nyoki siku nyingine ana matatizo nyumbani kwake. Elvio alifariki mwaka 1991. Alhamisi iliyofuata mazishi Bibi Ines alikuja peke yake, akiwa amevaa nyeusi. Quirino alimwinulia kiti kimoja, akamkalisha, akakigusa cha pili, kisha akakiacha kama kilivyo, kimeegemea. Hawakuzungumza lolote kuhusu jambo hilo, siku hiyo wala siku nyingine. Kwa miaka ishirini na minane Bibi Ines amekula nyoki zangu akitazamana na kiti cha Elvio kilichoinamia meza. Hakuna aliyekikalia kiti hicho siku ya Alhamisi, na hakuna aliyethubutu kumwambia hana haki nacho.

Hakuna, mpaka ilipokuja ile mashine.

Sina ugomvi na mashine. Mashine ya kuosha vyombo niliipokea kwa kuibusu. Lakini Bwana Ludovico alipochukua mgahawa kutoka kwa mama yake miaka miwili iliyopita, alileta kishikwambi mlangoni, na kila mgeni anayetaka kula sharti aweke nafasi kwa simu yake na apewe namba. Meza zote ziliingizwa humo, na ya sita pia. Quirino alimweleza habari ya viti. Alimweleza tena. Ludovico alimjibu kuwa kishikwambi hakina mahali pa kuandika kiti kilichoegemea. Sasa mimi nauliza, mbele ya watu: kama chombo hakina mahali pa kuandika jambo ambalo kila mwosha sahani wa nyumba hii analijua, mjinga ni jambo au ni chombo?

Alhamisi tarehe 14 Machi mwaka huu ilinyesha mvua ya kukata vichwa. Quirino, aliyekuwa akiilinda meza ya sita kila Alhamisi, alikuwa chini kwenye pishi anachukua divai. Ludovico alipita ukumbini, akaona viti viwili vimeinama, akaona kishikwambi kinasema meza iko wazi, akaviinua wima na kuwakalisha wageni wawili waliokuwa na namba. Saa saba kasorobo Bibi Ines akafika, mwanamke wa miaka themanini na tisa, ana mwavuli na kofia.

Mimi niliyasikia yote kupitia mlango wa jikoni. Nilikuwa na mikono kwenye unga, na nitajuta siku zote kwamba sikutoka na unga wangu.

"Bibi, una namba?" Ludovico akamuuliza.

"Namba ya nini? Ya kiatu?"

"Namba ya nafasi. Bila namba siwezi kukukalisha."

"Kijana, mimi nakula pale." Akanyoosha kidole.

"Pale pana watu, bibi. Subiri nje kidogo, tutakuita."

Nje! Kwenye mvua ile! Bibi Ines alitazama wale wageni wawili, na zaidi alimtazama yule aliyekaa kwenye kiti cha Elvio akikata mkate wake kwa meno. Alifungua mwavuli wake humu humu ndani, jambo ambalo Mrumi yeyote anajua linaleta nuksi, nami nadhani alilifanya kwa makusudi, kisha akaondoka.

Quirino alipopanda kutoka pishini na kuambiwa, aliweka chupa chini, akaniambia, "Iole, sahani moja. Ifunike." Akatoka na nyoki mkononi, aproni kiunoni, bila koti, akauacha ukumbi wenye watu arobaini. Alimfikia Bibi Ines mlangoni kwake, akapanda naye ghorofa nne.

Kwa kosa hilo alipewa barua ya onyo. Kuacha kituo cha kazi wakati wa huduma. Baada ya miaka thelathini na tisa, barua ya kwanza na ya pekee maishani mwake, yenye nembo ya mgahawa juu na sahihi ya mjukuu wa Ermete chini! Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema, lakini punda angalau hapigi chapa teke lake katika nakala mbili. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo leo, haijapungua hata kijiko.

Na Bibi Ines akagoma. "Mimi kwenye ukumbi ule sirudi," alimwambia Quirino. "Si mzigo wa stesheni mimi, niitwe kwa namba."

Kwa hiyo kila Alhamisi tangu Machi, mgahawa ukishafunga huduma ya mchana, saa tisa u nusu, Quirino amembebea sahani. Ngazi themanini na nane. Goti lake la kulia linalia kama bawaba. Na kila Alhamisi asubuhi ameviegemeza viti viwili vya meza ya sita, na kila Alhamisi Ludovico ameviinua akaketisha wenye namba. Quirino hakubishana. Aliniambia mara moja tu, mwezi wa tisa, tukimenya viazi: "Mimi naenda Oktoba, Iole. Asiporudi mezani kabla sijaondoka, harudi tena. Na sahani hiyo nani ataipandisha?" Nikamwambia anamenya ovyo.

Jibu nililipata Alhamisi iliyopita, siku yake ya mwisho.

Milango ilifunguliwa saa sita u nusu. Viti vilikuwa vimeinuliwa kama kawaida, na meza ya sita wameketi mabwana wawili wenye mabegi ya mgongoni. Kufika saa saba kasorobo ukumbi ulikuwa umejaa na nilikuwa na maagizo thelathini na moja ya nyoki. Maji yanachemka, nyoki ziko kwenye sinia zimenyunyiziwa unga. Nikafuta mikono, nikakunja mikono.

Quirino akachungulia. "Iole, umezirai? Watu wanatafuna vitambaa."

"Waongezee mkate."

Ludovico akaja mbio. "Mama Iole, kuna nini? Kuna watu arobaini pale!"

"Nawaona. Wamekaa vizuri. Bibi Ines je?"

"Bibi Ines tena? Sasa hivi?"

"Nyoki haziingii majini mpaka aje."

"Basi nitampigia simu."

"Hana simu. Ana ngazi."

"Mama Iole, nani atasimama mlangoni?"

"Mlango una bawaba, hautaanguka. Kwanza wahamishe wale wawili. Kisha egemeza viti. Kisha nenda, kwa miguu yako, siyo ya Quirino."

Ludovico angeweza kunifukuza, na nilishajua nitavaa koti gani. Lakini nyoki za Alhamisi hazina mtu mwingine wa kuzipika nyumba hii, na hilo hata kishikwambi kinalijua. Akawahamishia wale mabwana karibu na dirisha, na glasi ya divai ya kuombea radhi. Akarudi meza ya sita, akaviegemeza viti viwili kwa mkono wake mwenyewe. Aliviegemeza vibaya, kimoja kimepinda, lakini aliviegemeza. Kisha akatoka. Quirino alisimama katikati ya ukumbi na jagi mkononi, haelewi kitu, na wateja wakala mkate kwa dakika ishirini na tano. Hakuna hata mmoja aliyeondoka. Nawashukuru wote, ingawa siwajui kwa majina.

Saa saba na dakika kumi mlango ukafunguka. Bibi Ines aliingia ameshika mkono wa Ludovico, kofia kichwani, na ni Ludovico aliyekuwa anaonekana anahitaji kushikwa.

"Umechelewa," Quirino akasema.

"Miezi saba," akajibu Bibi Ines. "Nipe divai. Huyu kijana alifika kwangu anatweta, anasema samahani bibi, samahani bibi. Nikamuuliza kwenye tundu la mlango: una namba?"

"Akasemaje?"

"Akasema hana. Nikamwambia basi subiri nje. Nikavaa kofia polepole."

Ukumbi ulicheka, na Ludovico akawa mwekundu hadi masikioni. Niliingiza nyoki majini.

Quirino akaenda meza ya sita, akainua kiti cha Bibi Ines kama alivyofanya mara elfu moja na zaidi, akamkalisha, akageuka kuondoka. Hapo Bibi Ines akasimama tena. Akazunguka meza, akakishika kile kiti cha pili kwa mikono miwili. Ni kiti cha mwaloni, kizito, na hakuna aliyekwenda kumsaidia kwa sababu hakuna aliyeelewa anataka nini. Akakiinua. Miguu minne ikagonga sakafu.

"Kaa," akamwambia Quirino.

"Bibi Ines, mimi niko kazini."

"Uko kazini tangu mimi nina meno. Kaa."

"Sheria ya Zi' Ermete..."

"Ermete amekufa. Elvio amekufa. Na nyoki zinapoa. Kaa, mwanangu, nimechoka kula na kiti."

Quirino akatazama mlango wa jikoni, akaniona nimesimama na upawa. Nikamnyooshea upawa kuelekea kiti. Akafungua aproni. Akaikunja mara mbili, mara nne, akaiweka juu ya meza ya tano. Kisha, baada ya miaka thelathini na tisa na miezi saba, Quirino Cesaretti aliketi ukumbini.

Niliwapelekea sahani mimi mwenyewe. Bibi Ines aligusa meza kwa kidole, akashangaa. "Meza hii ilikuwa inayumba."

"Nimeitibu," Quirino akasema.

Ludovico, aliyekuwa karibu, akainama kutazama. Chini ya mguu wa meza ya sita kulikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri mara nane, na pembeni inaonekana nembo ya mgahawa. Ile barua ya onyo. Alipoinuka sikujua atafanya nini. Aliiacha pale ilipo, akaenda kuwahudumia watu mkate, na kwa hilo nampa heshima yake, hata kama ni ndogo na imechelewa.

Quirino alichukua uma, akala nyoki ya kwanza amekaa. Akatafuna. Akainua kichwa mbele ya ukumbi mzima, akasema, "Iole, chumvi."

Naweka rekodi sawa katika wasifu huu: chumvi ilitosha.

Ningeweza kuishia hapo na hasira yangu ingekuwa imeanza kulala. Lakini Jumamosi nilionyeshwa zawadi ya uongozi, hiyo bahasha iliyo mbele yako, Bwana Quirino. Ndani yake mna kadi ya chakula cha watu wawili, hapa kwetu. Na chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa kunguni: siku zote isipokuwa Alhamisi na sikukuu. Isipokuwa Alhamisi! Nimeelezwa kwamba ndivyo kadi zote zinavyochapwa, kwamba hakuna aliyekusudia. Naamini. Na siku ile ya mvua ya Machi pia hakuna aliyekusudia. Ndiyo maana mtu anapaswa kufikiri kabla, kwa sababu wasiokusudia ndio wengi. Mstari ule nimeukata kwa kisu changu cha unga. Usishangae kadi yako ni fupi.

Bwana Quirino, kwa niaba ya jiko, ukumbi, pishi na sinki, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa sahani ulizobeba na kwa ulizopandisha ngazi themanini na nane. Umetufundisha kwamba kumwekea mtu nafasi ni kumkumbuka akiwa hayupo, na jambo hilo halichajiwi kwa umeme. Tunakutakia goti lisilolia, asubuhi za kuamka utakapo, muuzaji wa samaki wa kutukanana naye, na hamu ya kula isiyopungua.

Alhamisi njoo saa saba kasorobo, umshike Bibi Ines mkono kwenye ngazi. Usilete namba, na hiyo kadi iache nyumbani. Viti viwili vimeegemezwa.